Kunakili au Kuhamisha: Historia ya Faili, Kutoka Masjala hadi Kompyuta ya Mezani

Swali la programu ipi itumike kusimamia mafaili katika kompyuta ya mezani huachiwa mafundi, na mara nyingi hata mafundi hawaliulizi. Huchukuliwa ile iliyokuja na mashine, na kazi ikaanza. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba swali hilo ni la kihistoria na la kisiasa kabla halijawa la kiufundi. Linahusu nani anajua kumbukumbu iko wapi, nani ana mamlaka ya kuihamisha, na mwananchi atajibiwa nini atakapokuja kuiulizia baada ya miaka 20. Nitalitazama kutoka Musoma, Bunda na Butiama, kwa kuwa mkoa wa Mara umepitia mambo ambayo bila faili hayaelezeki.

Tuanze na masjala. Kizazi cha wanafunzi ninaowafundisha leo kinaifahamu masjala kama chumba chenye vumbi na mtumishi anayekaribia kustaafu. Ukweli ni kwamba masjala ilikuwa mashine iliyobuniwa kwa akili nyingi. Barua ilipoingia ilisajiliwa. Ilifungwa ndani ya jalada lenye namba, nayo ikapewa namba yake ya folio, hivi kwamba ukurasa ukinyofolewa pengo linaonekana. Afisa alipotaka jalada hakujichukulia. Aliliomba, na rejista ikaonyesha limetoka lini na liko kwa nani. Kama jambo lilihitaji kujadiliwa nje ya jalada, liliandikiwa dokezo sabili, ambalo nalo lilitakiwa kurudi mahali pake. Hata leo barua za Serikali hubeba maneno "Kumb. Na." na "Unapojibu tafadhali taja". Maneno hayo mafupi ni anwani: yanamwambia msomaji kwamba karatasi hii ina kwao.

Mfumo huo tuliurithi kwa mkoloni, na mkoloni hakuujenga kwa ajili yetu. Uliwekwa ili bwana shauri aweze kutawala watu asiowajua kwa kusoma yale aliyeondoka kabla yake aliyoyaandika kuwahusu. Mtawaliwa alikuwa ndani ya faili, lakini hakuwa na haki ya kulifungua. Uhuru ulitukabidhi kabati pamoja na funguo zake. Tofauti iliyopaswa kufuata ni kwamba yule aliyeandikwa sasa angekuwa na haki ya kuuliza.

Mwaka 1965 unastahili kukumbukwa mara tatu. Mwaka huo Bunge letu lilitunga sheria ya Nyaraka za Taifa. Mwaka huohuo kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Na huko Marekani, mwaka huohuo, wahandisi wa mfumo ulioitwa Multics walichapisha pendekezo la kupanga mafaili ya kompyuta kwa umbo la mti: shina moja, matawi ndani ya matawi, na kila faili likiwa na njia moja ya kulifikia kutoka shinani. Watu hao hawakufahamiana, lakini walikuwa wakishughulikia tatizo lilelile: maandishi yanapozidi uwezo wa kumbukumbu ya mtu mmoja, yapangwe vipi ili mwingine ayapate?

Mwaka 1974 nao una mambo matatu, na mawili kati yake ni ya Mara. Novemba mwaka huo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma, lililoharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote na kuwataka wahitimu wa sekondari wafanye kazi kwanza kabla ya kwenda Chuo Kikuu. Mwaka huo pia Operesheni Mara iliwahamisha watu kwenda katika vijiji vya pamoja. Jambo la tatu lilitoka Dar es Salaam: Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mashine hizo kugharimu fedha nyingi za kigeni na kuvuruga hesabu za Serikali badala ya kuzinyoosha.

Tuyaweke hayo matatu pamoja. Katika mwaka mmoja Taifa liliahidi kumwandikisha kila mtoto shule, likahamisha kaya kutoka maeneo ya asili zao, na likaamua kwamba kazi yote ya kuandika na kutafuta ingefanywa kwa karatasi na kwa mikono. Sibezi uamuzi huo wa mwisho. Nchi maskini ilikuwa na haki ya kukataa mashine ghali isiyofanya kazi. Ninachosema ni kwamba mzigo wa uamuzi huo uliangukia masjala. Mwaka 1975 ikaja sheria ya kuandikisha vijiji, na kijiji kikawa chombo cha kisheria chenye mihtasari yake na mipaka yake. Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikakitaka kijiji kiwe na masjala yake ya ardhi ili kiweze kutoa hati za hakimiliki ya kimila. Kwa hiyo mtu ambaye babu yake alihamishwa mwaka 1974 anaweza leo kudai au kupoteza shamba kwa sababu ya muhtasari mmoja ulioandikwa kwa kalamu ya wino, ukahifadhiwa au usihifadhiwe. Wakazi wa Nyatwali wilayani Bunda, walipotakiwa kupisha eneo lao ili wanyama wa Serengeti walifikie Ziwa Victoria, waliingia katika ulimwengu huohuo wa orodha na fomu za uthamini. Anayekosekana katika orodha, mbele ya mlipaji, ni kana kwamba hakuwahi kulima.

Marufuku ya kompyuta ililegezwa kidogo kidogo, na mashine zilipoenea ofisini zilikuja na sura mpya ya masjala. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox iliuza kompyuta iliyoitwa Star, ambayo kioo chake kilichorwa mfano wa meza ya ofisi, pamoja na mafaili, makabrasha na kabati. Mwaka 1984 Apple ikalipeleka wazo hilo kwa watu wengi kupitia Macintosh. Mwaka 1986 ikatoka Norton Commander, programu iliyogawa kioo katika vidirisha viwili: kushoto mahali faili lilipo, kulia mahali linapokwenda. Mwaka 1995 Windows 95 ikaleta Explorer, ambayo kwa sura mbalimbali ndiyo inayotumika hadi leo katika ofisi zetu nyingi.

Mfano wa meza ulichukua picha ya ofisi ukaacha nidhamu yake. Kompyuta ilichora kabati lakini haikumwajiri mtunza kumbukumbu. Kila afisa akawa masjala yake mwenyewe, na pale ambapo kila mtu ni masjala, ofisi haina masjala. Tazama kioo cha kompyuta katika ofisi yoyote ya umma: barua zimetapakaa juu ya meza hiyo ya kuchorwa, moja inaitwa "barua mpya", nyingine "barua mpya 2", nyingine "barua mpya ya mwisho". Afisa akihamishwa kituo, anayempokea anarithi vitendawili.

Programu nazo zimezidi kutuzoesha tabia hiyo. Tangu Windows 10 ya mwaka 2015, Explorer hufunguka kwanza ikikuonyesha mafaili uliyoyatumia karibuni, si mahali yalipo. Kwa kawaida pia huficha herufi za mwisho za jina zinazotambulisha aina ya faili, kiasi kwamba programu haribifu inaweza kujifanya barua. Na liko jambo dogo ambalo wengi hawalifahamu: ukiburuta faili kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya diski ileile, linahama, ukiliburuta kwenda diski nyingine au flashi, linanakiliwa. Kitendo ni kimoja, matokeo ni mawili, na mashine haikuulizi.

Wanahistoria tuna sababu ya kushtuka hapo, kwa maana kunakili na kuhamisha ni vitendo viwili tofauti kabisa katika maisha ya kumbukumbu. Mkoa wetu unalijua hilo kwa njia ya utawala. Bunda ilizaliwa kwa mgawanyo wa wilaya; Butiama nayo ikazaliwa mwaka 2012 kutoka Musoma Vijijini. Wilaya inapogawanywa hutangazwa mipaka, makao makuu na viongozi. Swali lisilotangazwa ni hili: majalada ya zamani yanayohusu vijiji vya wilaya mpya yahamishwe, au yanakiliwe? Yakihamishwa, wilaya mama inabaki na mapengo. Yakinakiliwa, lazima ijulikane ipi ni asili. Yakiachwa bila uamuzi, mwanakijiji atazungushwa kati ya ofisi mbili, kila moja ikimwelekeza kwa mwenzake. Suala hilo linapaswa kuamuliwa na mtu mwenye dhamana, kwa maandishi, si kwa kidole kilichoteleza juu ya kipanya.

Ndiyo maana, nikitakiwa kutoa ushauri, huegemea upande wa programu za vidirisha viwili. Katika ukoo huo, tangu Norton Commander, kitufe cha F5 kinanakili na F6 kinahamisha. Mtumishi hutamka nia yake kabla ya kutenda, kama alivyofanya mtunza masjala alipojaza rejista. Ziko kadhaa. Total Commander, kazi ya Mswisi Christian Ghisler, ni imara, lakini inapaswa kulipiwa baada ya muda wa majaribio. Midnight Commander, iliyoanza mwaka 1994, huendeshwa kwa maandishi matupu na haielemei mashine kuukuu. Double Commander ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na hufanya kazi katika Windows na katika Linux. Inaweza kubadili majina ya mafaili mengi kwa mara moja, na kuhakiki kwamba nakala inalingana na asili yake. Kwa ofisi ya kata au ya kijiji yenye kompyuta moja, umeme usiotabirika na bajeti finyu, hiyo ya mwisho ndiyo ningeichagua. Anayelazimika kubaki na Explorer, basi aziwashe herufi za mwisho za majina, na aache kuburuta: atumie amri za kunakili na kukata.

Wapo watakaonijibu kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa tunayo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na mifumo ya ofisi mtandao inayosafirisha majalada kwa njia ya kielektroniki. Hoja hiyo ina uzito, na mifumo hiyo ni hatua njema kwa sababu inarudisha rejista: inaonyesha nani alilifungua jalada na lini. Lakini barua huandikwa mahali fulani kabla ya kupakiwa, na viambatisho hukaa mahali fulani baada ya kupakuliwa. Muhtasari wa kijiji, picha ya mpaka na orodha ya wanufaika mara nyingi huanza maisha katika kompyuta ya mezani, na mara nyingine huishia humo.

Butiama, pale Mwitongo, Taifa limejenga makumbusho ya Mwalimu, na lilifanya vyema. Kumbukumbu za kiongozi zimepata nyumba. Kumbukumbu za wanakijiji waliohamishwa mwaka 1974 katika mkoa huohuo ziko mikononi mwa watendaji wa vijiji, maafisa ardhi na makatibu muhtasi. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inawataka wazitunze, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuziomba. Haki ya kuomba haimfai kitu raia ikiwa anayeombwa hawezi kuliona faili.

Kwa hiyo, ndugu watumishi, kabla ya kununua kompyuta nyingine kaeni kikao kimoja mkubaliane: jina la kila faili litaanza na mwaka, mwezi na siku, kisha kumbukumbu namba, folda zitafuata mpangilio uleule wa majalada ya masjala, na hakuna afisa atakayekabidhi ofisi bila kukabidhi mti wa mafaili yake kwa maandishi. Nanyi wanaharakati, mnapokwenda halmashauri kudai taarifa, ulizeni pia zimepangwaje na nani ana ruhusa ya kuzihamisha.