Mtukutiko: ugonjwa wa usukani unaohitaji jina lake

Fundi akiambiwa usukani unatetemeka, bado hajaambiwa ugonjwa. Dereva wa Kindu, Kongo, atasema volan inatetemeka, wa Dodoma atasema stelingi inatetemeka, na wote wawili watakuwa wametumia kitenzi kimoja kwa kasoro mbili zisizo na chanzo kimoja wala dawa moja. Katika mji wenye duka la vipuri kila mtaa, kosa hilo linagharimu pesa tu. Kindu linagharimu na siku pia, maana kipuri kikikosekana huletwa na ndege, au hungoja treni ya SNCC, shirika la reli la Kongo, inayopanda kutoka upande wa Lubumbashi. Gari lililofungwa kifaa kisicho chake hulala tena likisubiri kingine.

Kasoro ya kwanza ninaiachia jina lake la siku zote: mtetemo. Huu unafuata mwendo. Tairi la gari la porini lenye kipenyo cha sentimita 80 hivi linatembea mita mbili na nusu kila likizunguka mara moja, kwa hiyo kwenye kilomita 90 kwa saa linazunguka mara 10 kwa sekunde. Likiwa na uzito uliozidi upande mmoja, usukani unapigwa mara 10 kwa sekunde. Ukiongeza mwendo mapigo yanaongezeka, ukipunguza yanafifia, na ukishika mwendo uleule kesho utaukuta mtetemo uleule. Hauhitaji shimo wala jiwe ili uanze.

Chanzo chake Maniema, mkoa wa Kindu, mara nyingi si tairi lenyewe. Ni tope. Udongo mwekundu wa barabara ya kwenda Kalima au Kasongo huingia ndani ya rimu, upande wa nyuma usioonekana, ukakauka huko kama tofali. Gramu 100 za udongo zilizoganda mahali pamoja zinatosha kuharibu balansi ya gurudumu. Basi kabla ya kutafuta mashine ya kubalansi, lala chini, pitisha mkono nyuma ya rimu, ukwangue, kisha uoshe. Baada ya hapo zungusha kila gurudumu likiwa juu ya jeki na uangalie kama rimu imepinda. Na kama usukani hutetemeka pale tu unapokanyaga breki, acha magurudumu, kakague diski za breki za mbele.

Kasoro ya pili ni kiumbe kingine. Gari linakwenda vizuri kwenye kilomita 60, gurudumu moja la mbele linapiga shimo, na ghafla magurudumu yote mawili yanaanza kupepesuka kulia na kushoto kwa nguvu kiasi kwamba usukani unataka kumtoka dereva mikononi. Shimo limeshapitwa zamani lakini fujo haiishi. Inajilisha yenyewe mpaka mwendo ushuke sana. Kifaransa cha gereji huiita shimi, jina lililotokana na ngoma ya Marekani ya miaka ya 1910 iliyochezwa kwa kutikisa mabega. Wahandisi waliichukua kasoro hii kwa uzito mapema: mwaka 1925 Mfaransa Broulhiet aliiandikia makala katika jarida la chama cha wahandisi wa nchi yake, na mwaka 1966 Hans Pacejka aliipatia shahada ya uzamivu huko Delft, Uholanzi.

Kwa Kiswahili napendekeza tuiite mtukutiko. Kutukutika ni kutikisika bila kutulia, na msomaji anayemjua mtoto mtukutu tayari anajua nusu ya maana: anayeanza kwa kuguswa kidogo na hanyamazi mpaka ashikwe. Neno shimi lingeeleweka Kindu na Bukavu, ila huenda lisingesema kitu Tanga, ingawa maneno ya gereji huko yametoka kwenye Kiingereza kama shimi lenyewe. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na sasa kitabu cha ufundi kinachochapwa upande mmoja kinapaswa kusomeka upande wa pili. Neno lenye mzizi wa Kiswahili halimpi faida aliyesoma Kifaransa wala aliyesoma Kiingereza. Mtikisiko nimeuacha kwa kuwa gari lolote hutikisika barabarani, na ungeturudisha palepale tulipoanzia.

Ili mtukutiko ueleweke inabidi kuitazama ekseli. Gurudumu linalozunguka kwa kasi lina tabia moja: ukiliinamisha, linageuka, na ukiligeuza, linataka kuinama. Katika gari lenye ekseli nzima mbele, magurudumu mawili yamefungwa kwenye chuma kimoja. La kulia likipanda jiwe, ekseli yote inainama, yote mawili yanasukumwa kugeuka, na kule kugeuka kunaiinamisha ekseli upande wa pili. Viungo vikiwa vimekaza, mchezo huo unakufa papo hapo. Vikiwa vimelegea, kila mzunguko unapata nafasi ya kuukuza unaofuata. General Motors walipotaka springi laini kwa magari yao ya 1934 walikumbana na balaa hilo, wakaiacha ekseli nzima ya mbele na kuliwekea kila gurudumu mikono yake. Land Cruiser za kazi nzito za mfululizo wa 70, zinazotoka kiwandani tangu 1984, zimebaki na ekseli nzima kwa sababu inavumilia kupigwa. Mwaka 1999 zilipewa springi za koili mbele badala ya zile bapa. Ndizo zinazotembea Maniema, na ni haki zitembee huko, lakini anayezitunza ajue anatunza muundo wenye udhaifu huu ndani yake.

Sasa mwenye gari kama hilo analiinua kwa kulifunga springi ndefu. Sababu ni za kweli: maji ya mvua, mikondo ya tope iliyochimbwa na malori, magogo. Springi hizo zikiliinua sentimita 5 tu, mambo mawili yanabadilika chini bila mwenye gari kuyaona.

Kwanza ni ule mwinamo unaoyafanya magurudumu yajinyooshe yenyewe. Tazama baiskeli: uma wake wa mbele umelala nyuma kidogo, na hilo ni mojawapo ya mambo yanayomwezesha mwendeshaji kuachia mikono na baiskeli ikaendelea kunyooka. Ekseli ya gari ina mwinamo kama huo, digrii chache tu, na kuinua kwa sentimita 5 kunaweza kula karibu digrii 2. Kifaransa huuita kwa neno ambalo kinywani mwa Mswahili linageuka shasi, na shasi kwetu tayari ni fremu ya gari. Tuuite mlalo. Mlalo ukipungua usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na gari linatangatanga kwenye barabara iliyonyooka. Peke yake upungufu huo hauleti mtukutiko, ila unaondoa akiba iliyokuwa ikiuzuia.

Pili ni fimbo ya Panhard, chuma kirefu kinachoishika ekseli isiende kando. Mwili wa gari ukipanda, fimbo hii inasimama zaidi na kuivuta ekseli upande mmoja. Bushi zake mbili zinabeba mzigo wa mshazari ambao hazikutengenezewa. Hapo ndipo ningeanza kutafuta mtukutiko, kabla ya kiungo kingine chochote.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Gari lisimame kwa magurudumu yake, breki ya mkono ikiwa imevutwa na magurudumu ya nyuma yamezuiwa kwa vipande vya mti, injini ikiunguruma. Mmoja akae kwenye kiti azungushe usukani kidogo kidogo, kulia, kushoto, bila kukoma. Mwingine alale chini na kuweka kidole kwenye ncha ya fimbo, nusu kwenye chuma na nusu kwenye bushi. Kiungo kizima hakisemi kitu. Kilichokufa kinagonga kidoleni. Ukitoa bolti utaona tundu limekuwa na umbo la yai, na kuzunguka kichwa cha bolti kuna vumbi jekundu la kutu pamoja na mstari wa chuma kinachong'aa, mahali kilipokuwa kikisagana. Tope la Kindu nalo ni jekundu, kwa hiyo osha kwanza.

Baada ya hapo inua gurudumu. Lishike juu na chini ulisukesuke. Likicheza, mwenzako akanyage breki: uchezaji ukipotea, kosa liko kwenye beringi za gurudumu, ukibaki, liko kwenye beringi za kizungushio, zile zinazoliruhusu gurudumu kugeuka kwenye ncha ya ekseli. Kisha lishike kulia na kushoto, na hapo rotili, yaani viungo vya tufe vya fimbo za usukani, zitajitaja zenyewe.

Nimeiweka mwisho amortisa ya volan, shokapu ile ndogo iliyolala mbele ya ekseli, kwa sababu ndiyo inayonunuliwa kwanza. Mpya ikifungwa mtukutiko unanyamaza wiki kadhaa, dereva anashukuru, na bushi inaendelea kuliwa. Siku shokapu itakapochoka, kasoro itarudi ikiwa kubwa kuliko ilivyoondoka, pengine na abiria wamejaa nyuma. Shokapu hiyo hupunguza mapigo ya barabara. Haikazi kilicholegea.

Mtukutiko ukikukuta njiani, ushike usukani imara bila kushindana nao, ondoa mguu kwenye mafuta, acha mwendo ushuke, na usikanyage breki ghafla. Ukifika, andika kwenye kitabu cha gari neno linalostahili. Ukiandika mtetemo, taja uliuona kwenye kilomita ngapi kwa saa. Ukiandika mtukutiko, taja gurudumu lilipiga nini na mwendo ulishuka hadi wapi ndipo ukaisha. Fundi akisoma mistari hiyo miwili atajua pa kuweka kidole kabla hajaagiza kipuri.