Mwalimu Apolo wa Boga

Siku hizi jina la Boga, kusini ya Bunia, husikika kwa habari za kilio. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, watu zaidi ya 50 waliuawa Boga na Tchabi iliyo jirani. Lakini nchi hiyo inayo habari nyingine, ndugu wasomaji, na sisi Wakatoliki yatupasa kuisimulia, ingawa mwenyewe alikuwa Mwanglikani.

Apolo Kivebulaya alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Katika ujana wake alifuatana na Waislamu, akawa askari, hata mwaka 1895 akabatizwa. Pale Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikani walichomwa moto pamoja. Kabla haijatimia miaka sita, ndugu za mashahidi hao wakapigana kwa bunduki huko Mengo, tarehe 24 Januari 1892. Wala tusijitoe: watu wetu nao walikuwamo. Wengine husema dini ndiyo iliyowagombanisha. Sisi twaona vyeo na ardhi vilizidi, maana vita vilipokwisha uchifu uligawanywa kwa dini, Wakatoliki wakapewa Buddu.

Boga mwalimu hakuwa na cheo cha kugombea. Waalimu wawili waliotangulia walinyimwa chakula, wakaondoka. Apolo akafika mwishoni mwa 1896, akajilimia. Chifu Tabaro alimchukia, akampiga. Mwaka 1898 dada yake chifu aliangukia mkuki, akafa. Ilikuwa ajali, lakini Apolo alishitakiwa kuwa ndiye muuaji, akatiwa gerezani. Alipofunguliwa, je, alikwenda kuleta Waganda wenzake wenye bunduki? La. Alirudi Boga, kwa chifu yule yule aliyempiga. Baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa.

Tarehe 18 Oktoba 1964 Baba Mtakatifu Paulo VI, alipowatangaza mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu, hakuwasahau Waanglikani waliouawa kwa ajili ya Kristu. Twadhani watu wa Boga walielewa maneno hayo upesi kuliko wengi wetu.

Apolo alifariki huko huko Boga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa kazi ya Injili ilikuwa haijafika huko.