Chambo Kinachokwenda Mrama

Mabaharia wa pwani yetu hawalipendi neno mrama, kwani chombo kinachokwenda mrama, kikilala ubavu huu na mara ubavu wa pili, huwataabisha abiria, huisukasuka shehena, na humtia nahodha shaka juu ya farumi aliyoipakia. Lakini iko sanaa moja, ndogo hata kazi yake hutosha katika kiganja cha mkono, ambayo fundi wake huutafuta mrama huo kwa bidii, akiupata hufurahi, na akiukosa hurudi tena kwenye kisu na msasa. Sanaa hiyo ni uchongaji wa chambo cha bandia, yaani kisamaki cha mti kilichotiwa ndoana, kinachokokotwa majini kwa mshipi ili kumhadaa samaki mkubwa.

Atakaye kuijua tarikhi ya sanaa hiyo na apeleke fikira zake mbali kaskazini, nchini Finland, kwenye ziwa liitwalo Päijänne, ambalo urefu wake ni karibu kilomita 120. Katika ukingo wa kusini wa ziwa hilo, wilaya ya Asikkala, aliishi Lauri Rapala, aliyezaliwa mwaka 1905. Alikuwa mtu fukara, ambaye wakati wa baridi, maji yagandapo, alitafuta riziki kwa kukata magogo msituni, na wakati wa kiangazi aliishi kwa makasia yake. Alitega kamba ndefu zenye ndoana nyingi, na kila ndoana ilidai kisamaki chake, kwa hiyo kabla ya kuvua alilazimika kuvua, na saa zake nyingi zilikwisha katika kutafuta chambo na kukitunga.

Fukara huyo alikuwa na macho ya kutazama. Alipopumzika katika mashua yake aliwaona paiki, samaki wakali wa maziwa yale, wakilivizia kundi la visamaki. Na akatambua ya kuwa mshambuliaji hakamati yeyote aliye karibu, bali humchagua mmoja, yule ambaye mwendo wake una kasoro, anayeyumba kidogo kwa udhaifu au jeraha, akaacha mamia ya wazima wakapita salama. Kwa maoni yangu uvumbuzi wote ulikuwa katika kuona huko. Yaliyofuata yalikuwa kazi ya mikono. Kama angeweza kuunda kisamaki kinachoyumba hivyo, na kinachoyumba daima bila ya kuchoka wala kuoza, taabu yake ya chambo ingekoma.

Mwaka 1936 alikipata. Alikichonga kwa kisu cha mshona viatu kutoka katika gome jepesi la koki, akakilainisha kwa msasa, akakivika karatasi ya fedha iliyofungiwa chokoleti ili king'ae kama magamba, na kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kununua vanishi, aliyeyusha filamu kuukuu za picha akakipaka ute wake, maji yasipate kupenya. Mbele, chini ya kidevu, alikipa ulimi mdogo wa bapa. Wafini hukiita chambo cha namna hii vaappu, neno litokanalo na kitenzi cha lugha yao chenye maana ya kuyumba. Nami nalisifu jina hilo, maana limeacha sura na rangi likashika mwendo.

Lakini mwendo ndio usiotii. Chambo kilicho kizuri juu ya meza huweza kuwa aibu majini, na kila aliyechonga chake nyumbani ameonja uchungu huo. Kikivutwa, maji huugonga ulimi, yakakosa kupita sawasawa pande zote mbili; huteleza kwanza ukingo mmoja, kisha ukingo wa pili, yakizalisha vizingia vinavyopokezana, na kila kizingia huuvuta mwili upande wake, wakati uzito ulio chini na wepesi ulio mgongoni huurudisha wima. Mrama mwema huzaliwa katika mapambano hayo, na upande mmoja wa mapambano ukishinda kabisa, mrama hufa.

Kama chambo chalala ubavu au chajizungusha kama pia, aghalabu ulimi ni mkubwa kupita kiasi, au farumi haitoshi, au imewekwa juu mno. Dawa yake ni kutia chembe ya risasi chini ya tumbo, mahali pa mkuku. Kama chaja kikiwa kigumu kama kijiti, basi farumi imezidi, au rangi imepakwa tabaka nyingi hata wepesi ukaondoka, au fundo la mshipi limeibana pua yake, nalo lafaa lifungwe kwa kitanzi kilicho huru. Ulimi uliosimama wima hukiyumbisha sana karibu na uso wa maji; uliolazwa kuelekea mbele hukizamisha kilindini. Na kama chakimbilia kulia, kasoro ndogo ya jicho la waya linaloshika mshipi yatosha kuwa sababu, na koleo yatosha kuwa tiba: jicho hupindwa kidogo sana kuelekea kushoto, kikavutwa tena, kikatazamwa tena. Hapo ndipo ugumu wa sanaa hii ulipo, kwa kuwa mwili wapaswa kuyumba na njia yapaswa kunyooka. Fundi hulinda kosa moja huku akiyafukuza mengine, yote yakiwa ndugu wa kosa lile.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipofanya koki iwe adimu, magome ya miti mingine yalishika nafasi yake, na baadaye ukaja mti wa balsa, mwepesi mno, ambao ulikuwa neema na mtihani kwa pamoja. Ulikuwa neema kwa kuwa wepesi wake huitikia kila msukumo wa maji. Ulikuwa mtihani kwa kuwa vipande viwili vya balsa havilingani uzito, hivyo vyambo viwili vilivyotoka katika kisu kimoja huogelea mbalimbali. Rapala na wanawe walipotengeneza mashine za kuchonga, mashine zilifanya miili ifanane, lakini hazikuweza kuifananisha tabia yake.

Mwaka 1959 Ron Weber na Ray Ostrom, watu wa Minnesota nchini Marekani, walianza kuagiza vyambo hivyo. Na mwezi wa Agosti 1962 jarida la Life likavisimulia katika toleo lililokuwa na picha ya mwigizaji Marilyn Monroe, aliyefariki siku chache kabla, toleo lililosomwa na watu wengi ajabu, na maombi yakamiminika kupita uwezo wa karakana. Karakana ikapanuka, wafanyakazi wakaongezeka, ila desturi moja ya mashua ya zamani haikuachwa: kila chambo, kabla ya kufungwa katika kisanduku chake, kilifungwa mshipi na kuvutwa ndani ya birika la maji mbele ya macho ya mtu, naye akikiona kinakwenda upande, alikitoa, akaligusa jicho lake kwa koleo, akakirudisha majini.