Mizunguko ya Milankovitch na mvua

'''Mizunguko ya Milankovitch''' ni mabadiliko ya polepole katika obiti na mhimili wa dunia. Hubadilisha kiasi cha mwanga wa jua unaofika kila sehemu ya dunia katika kila majira, na hivyo huathiri mvua kwa maelfu ya miaka. Imepewa jina la Milutin Milankovitch (1879–1958), mtaalamu wa hisabati kutoka Serbia. Katika Tanzania, dalili za mvua za kale zimehifadhiwa katika matope ya maziwa ya Masoko, Rukwa na Nyasa.

== Aina ==
* '''Umbo la obiti''': huwa karibu duara, kisha duaradufu zaidi, kwa vipindi vya miaka 100,000 na 400,000 hivi.
* '''Mwinamo wa mhimili''': hubadilika kati ya nyuzi 22.1 na 24.5 kwa miaka 41,000 hivi.
* '''Kuyumba kwa mhimili''', kama pia inayozunguka: hubadilisha mwezi ambao dunia iko karibu zaidi na jua, kwa miaka 19,000 hadi 23,000 hivi.

== Athari kwa mvua ==
Jua likiwa kali, nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari. Hewa ya juu ya nchi hupanda, na upepo wenye unyevu huvutwa kutoka baharini. Siku hizi dunia iko karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari. Miaka 11,000 hivi iliyopita ilikuwa Juni. Wakati huo pepo za mvua kaskazini mwa ikweta ziliongezeka nguvu, na Sahara ikawa na nyasi, maziwa na viboko. Ukame ulirudi miaka 5,000 hivi iliyopita.

== Rungwe na maziwa jirani ==
Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hasa kati ya Novemba na Mei. Karibu na mji huo liko Ziwa Masoko (pia Kisiba), ziwa dogo la kasoko. Mashapo yake, pamoja na chavua, mabaki ya diatomu na majivu ya volkeno, yanaonyesha historia ya zaidi ya miaka 40,000.

Mwaka 2005 wanasayansi walichimba sakafu ya Ziwa Nyasa. Walikuta kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita kulikuwa na vipindi vya ukame mkali vilivyoshusha maji kwa mamia ya mita. Wakati huo obiti ilikuwa duaradufu zaidi kuliko leo, kwa hiyo athari ya kuyumba kwa mhimili ilikuwa kubwa.

== Mipaka ya maelezo haya ==
Obiti si sababu pekee. Kwa kuwa Rukwa iko kusini mwa ikweta, ingetarajiwa kuwa kavu wakati Sahara ilipokuwa na mvua. Kumbe ziwa hilo lilijaa zaidi ya mita 150 juu ya usawa wa leo hata likamwagikia Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo wataalamu huangalia pia joto la bahari, barafu ya kaskazini na mwelekeo wa pepo.

Tena mizunguko hii ni ya polepole mno. Haiwezi kueleza mvua kuchelewa mwaka mmoja, wala ongezeko la joto duniani la karne iliyopita, ambalo husababishwa hasa na gesi joto zitokanazo na shughuli za binadamu.