Makwotabeki wakongwe wa Denver na ubingwa uliojengwa kuwazunguka

Kila mwaka, kabla msimu mpya wa soka ya Marekani haujafunguliwa mwezi Septemba, mashabiki na wachambuzi wa NFL, ligi kuu ya mchezo huo, hurudia swali lile lile kuhusu klabu yoyote inayoongozwa na kwotabeki mkongwe: je, mkono wake bado una nguvu ya kurusha, na miguu yake bado inambeba? Swali hilo lina msingi, kwani mchezaji wa nafasi hiyo hupigwa vikumbo kwa miezi mitano na watu wenye uzito unaozidi kilo 120, na mwili wa mtu anayekaribia miaka 40 hauponi kwa kasi ya mwili wa kijana. Hata hivyo, historia ya nafasi hiyo, hasa katika klabu ya Denver Broncos ya jimbo la Colorado, ambayo mataji yake yote matatu ya Super Bowl, yaani fainali ya ligi, yalipatikana kwa makwotabeki wenye umri wa miaka 37, 38 na 39, inaonyesha kwamba matarajio ya msimu wa mkongwe hutegemea zaidi watu wanaomzunguka, na kwamba uongozi wake huonekana pale anapokubali kuwaachia wenzake kazi ambayo zamani aliifanya peke yake.

Kwa msomaji aliyezoea kandanda, mchezo wenyewe unahitaji maelezo mafupi. Timu mbili za wachezaji 11 hukutana katika uwanja wenye urefu wa yadi 100 kati ya mistari ya magoli, na timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupata nafasi nyingine nne, ikishindwa huupoteza mpira. Kila nafasi huanza kwa mchezaji wa katikati kuupitisha mpira kati ya miguu yake kwenda nyuma kwa kwotabeki, ambaye humkabidhi mkimbiaji, au humrushia mpokeaji aliyetangulia mbele, au hukimbia nao mwenyewe, huku wakingaji watano waliojipanga mbele yake wakiwazuia wapinzani wasimfikie. Mpira ukifikishwa katika eneo la mwisho la wapinzani huhesabiwa tachidauni, bao lenye alama 6. Kabla mpira haujaanzishwa, kwotabeki huwatazama walinzi jinsi walivyojipanga, hukisia wanachokusudia, na akiona mpango uliokubaliwa hautafaa hupaza sauti kwa maneno ya siri na kuubadilisha papo hapo.

Mamlaka hayo hayakuwapo tangu mwanzo. Sheria ya kuanzisha mpira kwa namna hiyo ilitokana na juhudi za Walter Camp wa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1880, na kurusha mpira kwenda mbele hakukuruhusiwa hadi mwaka 1906, hivyo kwa miongo kadhaa kwotabeki alikuwa mkingaji zaidi kuliko mrushaji. Mabadiliko makubwa yalikuja tarehe 8 Desemba 1940, wakati Chicago Bears, ikimtumia Sid Luckman aliyesimama moja kwa moja nyuma ya mchezaji wa katikati, ilipoibwaga Washington kwa alama 73 kwa 0 katika fainali, na makocha wengi wakaanza kuuiga mpangilio huo. Katika fainali ya tarehe 28 Desemba 1958, ambayo Baltimore Colts iliishinda New York Giants 23 kwa 17 baada ya muda wa nyongeza, Johnny Unitas aliichagua mwenyewe mipango ya mashambulizi, ilhali Paul Brown, kocha wa Cleveland, alikuwa akiwatuma wachezaji kupeleka maagizo yake uwanjani. Mwaka 1994 ligi iliporuhusu redio ndani ya helmeti ya kwotabeki, mkondo wa Brown ulikuwa umeshinda, ingawa si kikamilifu: sauti ya kocha hukatwa sekunde 15 zikisalia kwenye saa ya kuanzisha mpira, na kuanzia hapo kwotabeki hubaki na macho yake na kumbukumbu yake.

Ni ndani ya sekunde hizo 15 ambamo ukongwe huwa faida, kwa maana ng'ombe hazeeki maini, na mtu aliyekwisha kuona hila za walinzi kwa miaka 15 hutambua mapema ile ambayo kijana ataigundua akiwa tayari chini. Lakini maarifa hayo hayajawahi kumtosha mtu peke yake. Y.A. Tittle, ambaye San Francisco ilimwachia aende New York Giants mwaka 1961 akiwa na miaka 34, aliipeleka klabu hiyo katika fainali tatu mfululizo na kurusha pasi 36 za tachidauni katika msimu wa 1963. Mwaka uliofuata Giants iliwauza nguzo wake wa ulinzi, Sam Huff na Dick Modzelewski, ikashinda mechi mbili tu, na Tittle akatundika daluga. Kinyume chake ni Earl Morrall, aliyeingia mwenye miaka 38 kushika nafasi ya Bob Griese wa Miami aliyevunjika mguu mwaka 1972, akaongoza mechi tisa zilizobaki za msimu wa kawaida bila kupoteza hata moja, kwa kuwa nyuma yake alikuwa na wakimbiaji Larry Csonka na Mercury Morris, na ulinzi ulio imara. Ni vigumu kuamini kwamba Tittle alisahau mchezo kwa mwaka mmoja, au kwamba Morrall aliujua kuliko yeye.

Somo hilo lilimchukua John Elway muda mrefu. Aliingia Denver mwaka 1983 akiwa na mkono uliosifiwa kuliko wote wa kizazi chake, na kwa miaka kumi klabu ilijengwa juu ya imani kwamba mkono huo ungefidia upungufu wa kila idara. Imani hiyo iliifikisha Denver kwenye Super Bowl mara tatu, na mara zote tatu ilivunjwa hadharani: 39 kwa 20 mbele ya New York Giants, 42 kwa 10 mbele ya Washington ya Doug Williams, na 55 kwa 10 mbele ya San Francisco. Kipigo cha mwisho, cha Januari 1990, kiliacha kovu, kwani Elway alionekana mtu aliyeelemewa na mzigo usio wa mtu mmoja.

Mwaka 1995 klabu ilimteua Mike Shanahan kuwa kocha mkuu, na katika usajili wa wachezaji wapya wa mwaka huohuo ikamchukua Terrell Davis, mkimbiaji aliyechaguliwa wa 196 kwa sababu vilabu vingi havikumtazamia makubwa. Shanahan na msaidizi wake Alex Gibbs walichagua wakingaji wepesi kuliko desturi, wakawafundisha kuondoka wote kwa pamoja kuelekea upande mmoja, kila mmoja akilinda eneo badala ya kumwandama mpinzani mmoja, ili mkimbiaji asubiri ufa ufunguke kisha aupenye kwa mara moja. Mpango huo ulimtaka Elway akabidhi mpira mara nyingi zaidi kuliko alivyozoea, na hapo ndipo uongozi wake ulipokomaa, kwa sababu nyota mwenye sifa zake angeweza kuupinga na klabu ingemsikiliza.

Matarajio ya msimu wa 1997 hayakuwa mazuri kwa mtu anayehesabu miaka na majeraha tu. Januari mwaka huo Denver, ikiwa mwenyeji na ikipewa nafasi kubwa, ilitolewa na Jacksonville 30 kwa 27, na mwezi Agosti, katika mechi ya maandalizi, Elway alikatika kano ya msuli katika mkono wake wa kulia, ule wa kurushia. Alicheza. Tarehe 25 Januari 1998 mjini San Diego, mbele ya Green Bay iliyokuwa ikishikilia ubingwa, alirusha pasi kwa jumla ya yadi 123 tu, bila hata tachidauni moja ya pasi, hesabu ambayo katika ujana wake ingeashiria kushindwa; Davis alikimbia yadi 157 na kufunga tachidauni tatu. Jambo linalokumbukwa zaidi lilitokea katika robo ya tatu, alama zikiwa 17 kwa 17, katika nafasi ya tatu iliyohitaji yadi 6, pale ambapo Elway, bila kumwona mpokeaji aliye huru, alikimbia mwenyewe na kujirusha mbele dhidi ya walinzi, akagongwa akiwa hewani, mwili ukazunguka, naye akaanguka akiwa amezipata yadi zilizohitajika na zaidi. Muda mfupi baadaye Davis alifunga, na mechi ikaisha 31 kwa 24. Msimu uliofuata Davis alikimbia yadi 2,008 katika msimu wa kawaida, Denver ikatetea taji kwa kuifunga Atlanta 34 kwa 19, na Elway, aliyechaguliwa mchezaji bora wa fainali hiyo akiwa na miaka 38, akastaafu.

Kinachoifanya historia hii iwe na uzito wa pekee ni kwamba Elway alirudi Denver kama kiongozi wa masuala ya wachezaji, na mwezi Machi 2012 ndiye aliyemsajili Peyton Manning, aliyeachwa na Indianapolis baada ya kukosa msimu mzima wa 2011 kutokana na upasuaji wa shingo ulioudhoofisha mkono wake. Mwanzoni hata Elway alivutwa na kishawishi cha zamani. Mwaka 2013 Manning alirusha pasi 55 za tachidauni na yadi 5,477, rekodi ambazo hazikuwahi kufikiwa na yeyote, na bado Seattle, iliyosifika kwa ulinzi, iliisambaratisha Denver 43 kwa 8 katika fainali ya Februari 2014. Mwezi mmoja baadaye Elway aliwasajili walinzi watatu kwa mpigo, DeMarcus Ware, Aqib Talib na T.J. Ward, na Januari 2015 akamwajiri Gary Kubiak, aliyekuwa kwotabeki wake wa akiba miaka ya 1980, awe kocha mkuu. Manning mwenyewe alikubali kupunguziwa dola milioni 4 za mshahara.

Tarehe 15 Novemba 2015 dhidi ya Kansas City, Manning aliivunja rekodi ya yadi nyingi zaidi za pasi katika historia ya ligi, na katika mechi hiyohiyo alifikisha pasi 5 tu kati ya 20, nne zikanaswa na wapinzani, akatolewa uwanjani. Brock Osweiler alianza mechi zilizofuata, na Manning, akiuguza mguu, alikaa nje hadi tarehe 3 Januari 2016, alipoingizwa katika robo ya tatu dhidi ya San Diego, Denver ikiwa nyuma 13 kwa 7, akaiongoza kushinda 27 kwa 20. Alimaliza msimu wa kawaida akiwa na pasi 9 za tachidauni na 17 zilizonaswa, na mwezi uliofuata akawa bingwa, kwa sababu Von Miller alimpokonya mpira Cam Newton wa Carolina mara mbili na ulinzi wa Denver ukashinda 24 kwa 10.

Tom Brady ndiye anayetajwa kila mara kuwa kielelezo cha kinyume, kwani alitwaa taji na Tampa Bay akiwa na miaka 43. Fainali hiyo ya Februari 2021, hata hivyo, ilimalizika 31 kwa 9, na ulinzi wa Tampa Bay haukuiruhusu Kansas City kufunga tachidauni hata moja.

New York Jets iliamini inafuata njia hiyohiyo ilipomchukua Aaron Rodgers kutoka Green Bay mwezi Aprili 2023, akiwa na miaka 39, kwani ulinzi wa Jets ulikuwa mzuri; safu ya wakingaji ndiyo iliyokuwa dhaifu, na upande wake wa kushoto ulilindwa na Duane Brown, mwenye miaka 38. Tarehe 11 Septemba, mpira ulipoanzishwa kwa mara ya nne tu, Leonard Floyd wa Buffalo alimwangusha Rodgers, na kano ya kisigino cha kushoto ikakatika. Usiku huo ulinzi wa Jets ulinasa pasi tatu za Josh Allen, na klabu ikashinda 22 kwa 16 katika muda wa nyongeza. Msimu ikaumaliza kwa ushindi wa mechi 7 kati ya 17. Mwezi Juni 2025, mwenye umri wa miaka 41, Rodgers alisaini mkataba wa mwaka mmoja na Pittsburgh Steelers, klabu ambayo ilikuwa haijamaliza msimu ikiwa na mechi nyingi za kushindwa kuliko za kushinda tangu mwaka 2003, na ambayo nguzo ya ulinzi wake ilikuwa T.J. Watt.