Kutoka Kengeleni Hadi Kwaya Yetu

Historia ya kwaya yetu katika miaka hii 25 mwaijua, maana wengi wenu ndio mlioitenda. Kwa hiyo katika kijitabu hiki tumetazama nyuma zaidi, kwenye chuo kilichozaliwa hapa hapa Pwani. Waliokianzisha walikuwa na swali tulilo nalo hata sisi: watu waliotoka mbali mbali wafanyeje ili kila mmoja ajione yuko kwao?

Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianza kuwapokea watumwa walioachiwa huru katika makao ya Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Manowari za Waingereza ziliyakamata majahazi ya watumwa baharini, na waliookolewa wakashushwa hapo: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Walikuta wenzao walioitwa Waafrika wa Bombay, waliolelewa na kusomeshwa Nasik, India. Hawakuwa na lugha moja ya mama wala mzee mmoja wa ukoo. Kiswahili kikawa lugha yao ya shuleni, sokoni na kanisani. Kengele iliyowaonya wavamizi wanapokuja ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni.

Lakini kupokelewa si sawa na kuheshimiwa. Wakazi walichapwa viboko na kufungwa na wasimamizi wao, hata mwaka 1881 malalamiko yakachunguzwa na wakuu wa Uingereza waliokuwa Zanzibar.

Upande wetu huu, katika nchi ya Wagiriama, palikuwa na Fuladoyo. Abe Ngoa, Mgiriama aliyelipokea Neno Rabai, alianza kundi la waumini, na watumwa watoro wakakimbilia kwao. Wenyeji wangeweza kuwafungia mlango, kwani kuwahifadhi watoro kulikuwa hatari. Hawakuwafungia. Mwaka 1883 kiongozi wao, David Koi, aliuawa.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Freretown jembe lilikawia. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwaweka wakfu William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi. Jones alikuwa Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto; sasa alisimama madhabahuni. Mwaka 1903 chuo cha kuwaandaa watumishi Waafrika kikaanzishwa Freretown, na mwaka 1930 kikahamishiwa Limuru. Hapo kijana wa Pwani naye akawa mgeni, katika baridi na kati ya watu wa lugha nyingine. Baadaye Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti walisomea huko pamoja, na mwaka 2007 chuo kikawa Chuo Kikuu cha St. Paul's.

Nasi je? Watamu imekusanya watu kwa uvuvi, biashara na kazi za hoteli. Katika sauti zetu nne wamo Wagiriama, Wataita, Wakamba, Waluo, Wakikuyu na wengine. Tunaimba vizuri. Hata hivyo, kila uchaguzi mkuu ukikaribia, maneno "wabara" na "wenyeji" huingia hadi mazoezini. Wazee wetu nao huuliza, kwa haki, mbona nyimbo za Kigiriama zimebaki za sadaka na mazishi tu. Na yupo aliyeimba besi nasi miaka kumi bila kuulizwa hata siku moja kama kwao wana wimbo.

Katika jubilii hii tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwimbaji atufundishe wimbo mmoja wa kwao, na maana yake aieleze kwa Kiswahili. Pili, wimbo wa Kigiriama uimbwe pia Pasaka na Krismasi. Tatu, viongozi wa kwaya wachaguliwe kwa bidii ya mazoezi, asiulizwe mtu alizaliwa wapi. Yatajadiliwa katika mkutano wa kwaya baada ya sherehe, na washarika wote mnakaribishwa kutoa maoni.

Bwana awabariki. Karibuni tuimbe.

Katibu, kwa niaba ya kwaya