Moshi Uliotoka Ardhini: Habari za Nicodemus, Kansas

Kuna mji mdogo sana katikati ya Marekani, jimbo la Kansas, unaitwa Nicodemus. Leo wakazi wake hawafiki 50. Ungekuwa hapa kambini, mji mzima ungeingia kwenye bloku moja na nafasi ikabaki. Lakini historia yake inajulikana kuliko ya miji mingi mikubwa, na sababu ni watu wenyewe, maana majengo yaliyobaki ni matano tu.

Walioujenga ni watu weusi waliotoka Kentucky mwaka 1877, miaka 12 baada ya utumwa kukomeshwa. Huru walikuwa huru, lakini ardhi hawakuwa nayo. Wakaja wenye kampuni ya kuanzisha mji, kati yao W. R. Hill, mzungu, na W. H. Smith, mtu mweusi, wakasambaza karatasi za kuisifia nchi ile mpya. Mamia wakafunga mizigo.

Sasa, mtu akiandika historia kwa karatasi hizo peke yake, atakuambia mambo yalikuwa mazuri. Sisi tuliowahi kusomewa karatasi kabla ya kupanda lori tunajua namna hiyo.

Kilichotuokoa ni mama mmoja, Willianna Hickman. Alifika mwaka 1878 na mume wake mchungaji na watoto. Walishuka treni Ellis, surua ikaingia, watoto kadhaa wa kundi lao wakafia hapo. Waliobaki wakasafiri siku mbili kwa magari ya farasi, wakifuata dira kwa sababu barabara hakuna. Wanaume wakapiga kelele kwamba Nicodemus ndiyo ile pale. Mama akatazama, haoni nyumba. Mume wake akamwonyesha moshi unaotoka ardhini. Watu walikuwa wanaishi kwenye mashimo, wamechimba ubavuni mwa ardhi kwa sababu miti ya kujengea ilikuwa haba. Akalia.

Hayo aliyasimulia mwaka 1937, karibu miaka 60 baadaye, mzee kabisa. Angeweza kusema tu kwamba walijenga makanisa na shule, na ingekuwa kweli. Lakini alitaja shimo na machozi. Mimi naona hapo ndipo historia ya mji ilipopata uti wa mgongo.

Kuna mengine wazee walikuwa wanayasimulia bila aibu: majira ya baridi ya kwanza chakula kiliisha, Waosage waliokuwa wanarudi kuwinda wakawagawia nyama. Na familia kama 60 zilikata tamaa zikarudi Kentucky. Magazeti ya mji, yaliyoanza 1886, ni mazuri ukitafuta majina ya maduka. Ya njaa usiyategemee sana, yalikuwa yanavutia wahamiaji wapya.

Mwaka 1888 reli ikapita mbali, ng'ambo ya mto. Wafanyabiashara wakahamia huko, wengine na majengo yao. Posta ikafungwa 1953. Hesabu za kawaida zingesema mji umekufa, basi.

Ila wazao wao, waliotawanyika Denver, Topeka na kwingine, hawakuacha kurudi. Kila mwaka mwishoni mwa Julai wanakutana Nicodemus, desturi iliyotokana na sikukuu ya kukumbuka mwisho wa utumwa. Wanapika, wanasali, watoto wanaambiwa nani alichimba wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mmoja wao, Angela Bates, akaanzisha chama cha historia cha mji, wakakusanya picha, barua na sauti za wazee. Serikali iliuweka mji chini ya idara ya hifadhi za taifa mwaka 1996. Wafanyakazi wa idara walipokuja kuuliza habari, walikuta wenyeji wana mengi ya kuwapa: majina, mahali na masimulizi, na moshi wa Mama Hickman ukiwemo.